Kila Jumamosi naosha tenki, kila Jumatatu nazika samaki

Mjomba shikamoo.

Mi ni msomaji wako wa siku nyingi ila sijawahi kukuandikia, leo nimeshindwa kukaa kimya. Naishi Buhongwa hapa Mwanza, nina mke na watoto wawili, nauza vipuri vya pikipiki. Mwishoni mwa mwaka jana nilimpa fundi vioo kazi ya kunitengenezea tenki la samaki, urefu mita mbili, upana sentimita 60 na kimo 60, kioo cha milimita 12, nikaliweka sebuleni juu ya stendi ya chuma. Sababu ni hii, marehemu baba alikuwa mvuvi Ukerewe na tukiwa wadogo alikuwa anatuhadithia habari za furu, wale samaki wa rangi wa ziwani, wekundu, wa bluu, wa njano, yaani anasema ukiangalia kwenye maji ya mawe unaona kama kanga zimeanikwa. Sasa kijana wangu ana miaka tisa na amezaliwa hapahapa ziwani lakini anamjua sangara, sato na dagaa basi, furu hajawahi kumwona akiwa hai. Nikamuahidi nitamletea nyumbani.

Dukani niliponunua vifaa nikauziwa kafilta ka kubandika ndani ya kioo, nikaambiwa kanatosha kabisa. Nikaanza na goldfish 20, wakafa. Nikachukua furu 15 kwa vijana wanaovua kwa ndoano kwenye mawe, nao wakafa, nikachukua wengine, hivohivo. Na sio kwamba sijali usafi mjomba! Kila Jumamosi namwaga maji yote, natoa mawe, mchanga na sponji ya filta, naosha vyote na sabuni ya unga, nasuuza, najaza maji ya bomba moja kwa moja kwa mpira. Jumapili maji yanang'aa mpaka unaona ukuta wa nyuma. Jumatatu asubuhi yamekuwa meupe kama maji ya kuoshea mchele, samaki wako juu wanatafuta hewa, jioni nakuta wamelala ubavu. Kijana anawachimbia kashimo chini ya mpapai, sasa hivi pale hakuna tena nafasi.

Mke wangu amechoka. Anasema sebule inanuka, LUKU inakwisha haraka, amenipa mpaka mwisho wa mwezi nisipoleta majibu anampa kioo jirani afanye kabati la chipsi. Nataka nijenge filta kubwa ya kwangu mwenyewe kwa vitu vinavyopatikana hapa mjini, maana za dukani za saizi hii bei zake siziwezi. Rafiki ananiambia niache bomba nichote maji ya ziwa kwa sababu furu ndo kwao. Na umeme ukikatika je? Au niachane nalo tu mjomba? Nisaidie, wabeja sana.

Baba wawili, Buhongwa

MJOMBA ANAJIBU

Marahaba mpwa wangu, pole sana, na mfikishie pole yangu huyo kijana wa mashimo ya mpapai. Usiachane nalo. Tenki lako ni zuri, saizi yake ni nzuri kuliko unavodhani kwa sababu maji mengi yanabadilika taratibu na samaki anapata nafasi ya kuzoea, kosa liko sehemu moja tu na nitakwambia bila kuzunguka: kinachowaua ni ule usafi wako wa Jumamosi.

Sikiliza. Samaki anapopumua anatoa amonia kupitia matamvua, na chakula kilichobaki na kinyesi vikioza vinatoa amonia vilevile, na hiyo amonia ni sumu, inamuunguza matamvua ndo maana unamwona anapanda juu kutafuta hewa hata kama hewa ipo. Ziwani inapotea kwenye maji mengi, kwako iko kwenye lita 720 haina pa kwenda. Kinachoiondoa ni bakteria. Kuna kundi la kwanza linakula amonia na kuigeuza nitriti, ambayo nayo ni sumu maana inaharibu damu ya samaki ishindwe kubeba oksijeni, halafu kuna kundi la pili linaichukua hiyo nitriti na kuigeuza nitrati, na nitrati samaki anaivumilia mpaka ikiwa nyingi sana. Hawa bakteria hawaogelei kwenye maji, wanajishika kwenye mawe, kwenye mchanga, kwenye kioo na hasa kwenye sponji ya filta, ule utelezi wa kahawia unaousugua wewe kwa sabuni ndo wenyewe. Na wanazaliana polepole mno, kutoka sifuri mpaka kundi la kutosha tenki zima ni wiki nne mpaka sita. Sasa wewe kila siku ya saba unawaua wote, wakibaki wawili watatu klorini ya bomba inawamalizia, kisha unaweka samaki 15 na chakula, hesabu haiwezi kukubali. Ule weupe wa Jumatatu ni bakteria wa aina nyingine kabisa wanaolipuka kwenye maji matupu wakishiba mabaki ya chakula, na wanamnyang'anya samaki oksijeni.

Kwa hiyo unaposema unataka kujenga filta, elewa unachojenga ni nyumba ya hao bakteria. Pampu ni ya kuwapelekea chakula na hewa tu. Ukilishika hilo mengine ni kazi ya fundi bomba.

Mi ningekushauri ujenge tenki la pili la kioo chini ya stendi, wenyewe wanaita sampu. Mwambie fundi wako yuleyule akukatie la urefu wa sentimita 120, upana 45 na kimo 45, hilo linabeba kama lita 240, na ndani aweke vioo viwili vya kugawa vyumba vitatu, maji yapite kimoja kwenda kingine. Kioo chake kinaweza kuwa chembamba kuliko cha juu. Silikoni iwe ile isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, hii ni muhimu, ile ya bafuni ina dawa na dawa hiyo inaua samaki, halafu mkishagundisha iacheni ikauke wiki nzima.

Maji yashukeje kutoka juu? Hapa ndo watu wanapotezea sebule. Toa maji yote, fundi atoboe kioo cha nyuma matundu mawili karibu na juu kwa biti ya almasi huku akimwagia maji, mradi kioo chako ni cha kawaida, kile kilichochomwa kuwa kigumu hakitobolewi kinapasuka chote. Kila tundu unafunga tenki konekta, zilezile za simtanki zenye mpira, kisha paipu ya PVC ya inchi moja na nusu inashuka chini. Tundu moja ni la kazi, la pili unaliweka juu kidogo liwe la dharura, siku la kwanza limezibwa na jani au samaki mdogo maji yana pa kutokea. Usikubali kuambiwa moja linatosha!

Sasa piga hesabu na mimi. Eneo la tenki lako ni mita mbili mara sentimita 60, maana yake kila sentimita moja ya kimo ni lita 12. Pampu ikizimika, maji yote yaliyo juu ya tundu yanashuka kwenye sampu, tuseme sentimita tatu, hizo lita 36, ongeza yaliyo ndani ya mapaipu. Ndo maana sampu huijazi mpaka juu, unaiacha na nafasi ya lita 80 au 90 tupu muda wote. Ila kuna mtego mwingine mbaya zaidi. Ile paipu inayorudisha maji juu, ukiizamisha sentimita 30 ndani ya tenki, umeme ukikatika inageuka kuwa mpira wa kunyonya, inavuta maji kurudi chini mpaka mdomo wake utokee nje ya maji, sentimita 30 mara 12 ni lita 360, sampu haiwezi kuzipokea zote, zinazozidi zinamwagika sebuleni kwako. Mi hili limenikuta, nilikuwa safarini, nimerudi nakuta godoro la wageni limeloa na mama watoto ameinua zulia peke yake usiku na tochi ya simu, niliumia sana kwa sababu lilikuwa kosa langu. Dawa yake ni kutoboa katundu kadogo kwenye hiyo paipu sentimita moja chini ya usawa wa maji, maji yakishuka hapo hewa inaingia na mvuto unakatika. Kasafishe kila wiki maana konokono na utelezi vinapenda kukaziba. Halafu kabla samaki hawajaingia chomoa pampu kwa makusudi, simama uangalie mpaka maji yatulie, rudia hata mara tatu.

Chumba cha kwanza cha sampu weka sponji nene, ya kudaka uchafu unaoonekana. Vipande vya godoro jipya vinafaa ila visiwe vya rangi wala visiwe na harufu ya dawa, vioshe kwa maji matupu. Hii sponji ndo peke yake utakayoikamua kila wiki.

Chumba cha pili ndo nyumba yenyewe, kiwe kikubwa kuliko vyote. Madukani wanauza vigololi vya plastiki na pete za udongo, ni nzuri ila kwa chumba hicho utatumia hela nyingi, na sisi wa Mwanza tuna kitu kizuri zaidi na hakina bei: nyavu. Nenda kwa wauza nyavu au wanaoshona kule Kirumba, omba mabaki mapya ya nyavu za dagaa, zile za matundu madogo. Naomba ziwe mapya, zilizotoka kwenye mtumbwi zina mafuta ya injini na hujui zimepita wapi. Nailoni haiozi, na mita kadhaa za wavu wa dagaa ukizikunja hovyohovyo bila kubana zina sehemu ya kujishikia kubwa ajabu, bakteria wanajaa kila uzi. Usishindilie, maji yakishindwa kupita katikati panaoza na ndo panapoanza kunuka. Chini ya nyavu weka jiwe la hewa, lile la kutoa mapovu, na kapampu kadogo ka hewa, hao viumbe wanataka oksijeni kama sisi.

Chumba cha tatu ni cha pampu. Lengo ni maji yazunguke kama mara nne kwa saa, kwa hiyo lita 3,000 hivi zinazofika juu, na hapo uwe makini kwa sababu namba iliyoandikwa kwenye boksi ni ya pampu isiyopandisha maji popote, ukiipandishia mita moja na nusu inapungua sana, chukua iliyoandikwa kama 5,000 kisha tumia koki kuipunguza ikizidi. Tafuta ya wati 40 hivi. Hiyo ikiwaka saa 24 inakula karibu yuniti moja kwa siku, mwambie mke wako namba hiyo kabla hujanunua asije akaisoma mwenyewe kwenye LUKU. Waya wake uache uning'inie chini ya soketi kwanza ndo upande, tone likitembea juu ya waya lidondokee sakafuni lisiingie kwenye umeme, na watoto wajue hakuna kuingiza mkono kabla ya kuzima swichi.

Stendi nayo ikague, ina chumba cha kutosha sampu lakini je, miguu yake imekaa sawasawa? Maji pekee kilo 720, kioo zaidi ya kilo 100, weka mchanga na mawe unakaribia tani.

Kuhusu maji ya ziwa, rafiki yako ana nia njema ila mimi nakataa. Karibu na mwambao siku hizi kuna ukijani, kuna maji taka, na kuna kichocho, sisi watu wa ziwa tunajua. Vijidudu vya kichocho vinavyotoka kwenye konokono vinaishi siku moja mpaka mbili ndani ya maji na vinapenya ngozi, sasa wewe unaingia na ndoo mpaka magotini, kijana anakuja kupokea kwa mikono, hapana. Maji ya bomba yanatosha kabisa kwa furu, jaza pipa, yaache wazi saa 24 na jiwe la hewa likichemka ndani, klorini inatoka, ndo uyatumie. Usitumie pipa lililobeba kemikali hata kama limeoshwa. Na magugu maji usilete, konokono wanakuja nayo. Ukitaka mmea wa kukupunguzia nitrati chukua mashina ya matembele, yafunge juu ya sampu mizizi izame ndani na majani yapate mwanga wa dirisha, yanakunywa nitrati vizuri mno.

Hita huhitaji, Mwanza joto letu ni la furu.

Sasa subira. Ukishajaza na pampu inazunguka, usiweke samaki. Kila siku dondosha chakula kidogo cha samaki, kiasi cha kubana na vidole viwili, kioze, kitoe amonia, bakteria waanze kuja. Ukimpata mtu mwenye tenki zima lililotulia mwombe sponji yake chafu, ikamulie ndani ya sampu, huo uchafu ni mbegu na unaweza kukuokolea wiki mbili. Agiza vipimo vya matone vya amonia na nitriti, hii hela usiionee uchungu. Utaona amonia inapanda, inashuka, nitriti inapanda juu sana mpaka utakata tamaa, halafu siku moja unakuta zote sifuri. Kapime tena kesho yake na keshokutwa. Zikibaki sifuri ndo ulete samaki watano, sio 15, subiri wiki mbili, ongeza wengine.

Baada ya hapo Jumamosi yako iwe hivi: toa robo ya maji tu, yatumie kumwagilia huo mpapai, ikamue sponji ya kwanza kwenye ndoo ya maji hayohayo ya tenki, jaza maji ya pipa. Sabuni isivuke mlango. Nyavu usiziguse mpaka uone maji yanapita kwa shida, na hata hapo zisuuze nusu, nusu nyingine baada ya mwezi.

Umeme ukikatika, kwa saa mbili tatu usihangaike, funika macho ulale. Ukizidi hapo, samaki hawapewi chakula na mtu anachota kwa jagi anamimina kutoka juu dakika tano kila nusu saa, kijana ataipenda hiyo kazi. Kapampu ka hewa ka betri ni bei nafuu, kanunue, na kama una betri ya kuendeshea taa na tivii basi pampu ya wati 40 inaweza kukaa humo. Na hapa ndo sampu ya wazi inaishinda ile filta ya kopo lililofungwa, kopo likikaa saa nyingi bila maji kupita bakteria wanakufa ndani, umeme ukirudi linatapika uozo wote kwa samaki.

Kwa mke wako, mkwe wangu huyo ana haki, mwambie nimesema mimi. Harufu anayoisikia ni ya kitu kinachooza kweli. Tenki lililokomaa ukiinamisha pua unasikia udongo uliopigwa na mvua ya kwanza, basi. Ila umwombe muda ulio wa kweli, mwisho wa mwezi hautoshi, mwombe miezi mitatu na umwonyeshe hesabu zote, za umeme na za vifaa, na mmalize kwanza kuisafisha sebule kabla fundi hajaja.

Na furu. Baba yako alikuwa anasema kweli. Ziwa letu lilikuwa na aina zaidi ya 500, sangara aliletwa miaka ya 50 na 60, kufika miaka ya 80 amejaa kila mahali na furu kama aina 200 hazikuonekana tena. Maji nayo yamekuwa na ukungu, na ukungu ni tatizo kwao kwa sababu jike anachagua dume kwa rangi, asipoiona anakosea. Waliobaki wengi wako kwenye miamba, na mmoja wa hapa Ghuba ya Mwanza, dume lake mgongo mwekundu na ubavu wa njano wenye mistari myeusi, kisayansi amepewa jina la Mwalimu Nyerere, Pundamilia nyererei, tangu 1985. Mwambie kijana hilo. Kwa sababu hiyo chukua furu wa aina moja kutoka sehemu moja, usichanganye, ndani ya tenki wanazaana ovyo na unapata mchanganyiko, na hao usiwarudishe ziwani kamwe, wala goldfish. Wapangie mawe yenye mapango mengi maana madume yanagombana. Ukiona jike amevimba kidevu na hali chakula usimpe dawa, amebeba mayai mdomoni, atakaa hivyo wiki mbili au tatu, mwiteni kijana aangalie siku akiwatema.

Anza na fundi vioo wiki hii. Akishapiga alama za matundu kwenye kioo cha nyuma nitumie picha na vipimo kutoka juu, kabla hajashika mashine.